Data senta ya kijani haianzii kwenye paneli za sola, tuangalie Olkaria

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa naingia sana kwenye chumba cha sava cha ofisi moja hapa Dar, na kitu cha kwanza unachopewa mlangoni ni jaketi. Nje ni Februari, jua la saa saba mchana, shati limegandia mgongoni, ndani watu wamejifunika kama wako Makete mwezi wa saba. AC tatu kubwa zote zimewekwa nyuzi 17, zinaunguruma usiku na mchana. Siku moja nikazunguka nyuma ya reki, yale makabati ya kupangia sava, nikaweka mkono pale hewa inapotokea, joto lake ni kama umefungua tanuri la mkate, afu nikanyanyua macho nikaelewa: ile hewa ya moto inapanda, inapinda juu ya reki na kurudi mbele kuingia tena kwenye sava zile zile. Katikati ya reki kuna mashine mbili za zamani zilishatolewa na nafasi yao ikaachwa wazi, hewa ya moto inapita hapo kama dirishani. Yaani AC inapoza hewa, hewa inachanganyika na moto kabla haijafika kwenye mashine, mashine inapiga alamu ya joto, mtu anakuja anashusha AC nyuzi moja zaidi. Na maisha yakaenda hivyo miaka.

Tulikata maboksi tukaziba mianya yote kwenye reki, tukaning'iniza pazia zito la nailoni kutenganisha upande wa baridi na upande wa moto, afu tukapandisha AC kidogo kidogo wiki kwa wiki mpaka nyuzi 24. Mwishoni AC moja tukaizima kabisa ikabaki ya akiba, na hakuna sava iliyolalamika. Viwango vya kimataifa vyenyewe, vile vya ASHRAE, chama cha wahandisi wa mifumo ya kupoza na kupasha hewa, ambavyo watengenezaji wa sava wanavifuata, vinapendekeza hewa inayoingia kwenye mashine iwe kati ya nyuzi 18 na 27, sasa ile 17 tulikuwa tunalipia umeme kukaa nje ya kiwango. Tangu siku hiyo nikisikia neno "data senta ya kijani", yaani jengo la sava lisiloumiza mazingira, sikimbilii kuangalia paneli za sola juu ya paa. Naangalia joto linaenda wapi, maji yanatoka wapi, na umeme ni wa saa ngapi. Hilo la saa ndo watu wengi hawalisemi kabisa na kwangu mimi ndo kiini cha jambo lote.

Tuanze na joto kwanza maana bila hilo mengine hayaeleweki. Umeme ukiingia kwenye mota ya pampu, sehemu yake inafanya kazi ya kupandisha maji tangini. Umeme ukiingia kwenye sava unatoka karibu wote kama joto, ujumbe wako wa WhatsApp na muamala wako wa M-Pesa haubebi nguvu yoyote ya maana kutoka mle ndani. Sava ya wati 500 inatoa joto sawa na nusu ya pasi ndogo ya umeme. Sava ishirini kwenye reki moja ni kama umewasha pasi kumi ndani ya kabati ukafunga mlango, hazizimwi usiku, hazizimwi Idi wala Krismasi. Na hizo ni za kawaida, reki moja ya mashine za AI (akili mnemba) za siku hizi inavuka kilowati 100, hapo hewa peke yake haitoshi tena, inabidi maji au kimiminika kingine kipite kwenye mabomba mpaka juu ya prosesa yenyewe.

Kwa hiyo jengo linanunua umeme mara mbili, wa kuendesha sava na wa kutoa joto la sava, ukiongeza na upotevu kwenye UPS (betri za dharura), transfoma na taa. Tangu 2007 watu wa fani hii wana kipimo kinaitwa PUE, ni hesabu ya darasa la tano tu: chukua umeme wote unaoingia kwenye jengo ugawanye kwa umeme unaofika kwenye sava. Jengo likivuta kilowati 160 na sava zinapata 100, PUE ni 1.6. Wastani wa dunia umekuwa ukizunguka kwenye 1.5 na kidogo juu yake kwa miaka mingi sasa, Google wao wanatangaza wastani wa karibu 1.1 kwenye vituo vyao vikubwa. Chumba chetu cha Dar kabla ya maboksi sidhani kama kilikuwa chini ya 2.

PUE ni kipimo kizuri ila kina mtego. Kwanza hakisemi umeme umetoka wapi, kituo cha PUE 1.1 kinachoendeshwa kwa makaa ya mawe ni kituo cha makaa ya mawe. Pili ukipandisha joto la chumba kupita kiasi feni za ndani ya sava zinazunguka kwa kasi zaidi, na umeme wa zile feni unahesabiwa upande wa sava, kwa hiyo PUE inapendeza kwenye karatasi huku bili imepanda. Tatu, njia rahisi ya kushusha PUE ni kumwaga maji, hapo nitarudi.

Wenzetu wa kaskazini mwa dunia walitatua hili kwa kuchagua mahali. Google walinunua kiwanda cha zamani cha karatasi huko Hamina, Finland, mwaka 2009, kiwanda kilikuwa na handaki la kuvuta maji ya bahari na wao wakaligeuza kuwa la kupozea sava. Facebook wakaenda Luleå, Sweden, kituo kikafunguliwa 2013, hewa ya nje ni baridi karibu mwaka mzima na umeme unatoka kwenye mabwawa ya mto wa hapo hapo. Odense, Denmark, joto la sava linaingizwa kwenye mabomba ya kupasha nyumba za watu. Sasa sisi tusinakili tu. Bahari ya Hindi hapa Dar ukiingia kuogelea inakupokea na nyuzi 25 mpaka 30, hiyo sio ya kupozea mashine kama ile ya Hamina, na hakuna mtu Mbagala anayetaka bomba la maji moto lipite sebuleni. Inabidi tujiulize sisi tuna nini.

Ndo maana Olkaria inanivutia. Mei 2024, wakati Rais Ruto yuko ziarani Marekani, Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi walitangaza mpango wa dola bilioni 1 kwa Kenya, na kitu kikubwa ndani yake ni data senta ya Olkaria, karibu na Naivasha, iendeshwe kwa jotoardhi peke yake. Awamu ya kwanza megawati 100, na uwezo wa kukua baadaye mpaka gigawati 1. Siandiki hapa kusifia wala kuponda mradi wa mtu, nataka tuutumie kama ubao wa kufanyia hesabu, kwa sababu maswali yote ya data senta ya kijani yamekusanyika pale.

Olkaria ni Bonde la Ufa, moto wa ardhini uko karibu. Wanachimba visima vya kilomita mbili, tatu, mvuke unatoka kwa presha, unazungusha mitambo, na yale maji ya moto yenye chumvi yanayotoka pamoja na mvuke yanarudishwa ardhini kwa visima vingine. Mtambo wa kwanza ulianza 1981 kwa megawati 15. Leo jotoardhi ndo chanzo kikubwa kuliko vyote kwenye gridi ya Kenya, na ukijumlisha maji, upepo na sola, karibu asilimia 90 ya umeme wa nchi ile ni jadidifu. Na jotoardhi haijali mvua wala jua, saa tisa usiku inatoa kilekile inachotoa saa sita mchana. Kwa mashine isiyolala unaona kabisa wameendana.

Ila sasa njoo kwenye saa.

Matumizi ya juu kabisa ya umeme Kenya yameshavuka megawati 2,300, na hayo yanatokea jioni, saa moja, saa mbili, watu wamerudi nyumbani, taa zimewashwa, televisheni, jiko, pasi za kesho. Usiku wa manane matumizi yanashuka mpaka karibu nusu ya hapo. Na kisima cha jotoardhi sio bomba la sinki, huwezi kukifunga usiku na kukifungua asubuhi kila siku bila kukiumiza, kwa hiyo usiku wakati hakuna wa kununua, mvuke mwingine unaachiliwa hewani tu. Mvuke uliochimbiwa kwa mkopo wa mabilioni, unapaa kwenda juu kila usiku. Data senta ikija ikanunua umeme wa saa nane usiku, hakuna anayedhulumiwa, mazingira hayaongezewi chochote, na gharama ya visima inagawanywa kwa watu wengi zaidi. Hapo ni kijani kweli kweli.

Jioni ni habari nyingine. Jua limezama, sola imeondoka, kila mtambo wa jotoardhi uko mzigo kamili, Kenya inavuta umeme kutoka Ethiopia na bado mitambo ya mafuta inawashwa, na serikali imeshakiri hadharani kwamba kuna sehemu zinakatiwa umeme jioni ili gridi isizidiwe. Sasa weka megawati 100 mpya juu ya hapo. Hata kama waya wa data senta umeunganishwa moja kwa moja na kisima cha Olkaria, zile megawati 100 zilikuwa zinaenda kwa mtu, na yule mtu sasa atapewa za mafuta, au atakaa gizani. Kwenye mkataba data senta ni ya jotoardhi, kwenye gridi saa moja jioni imeongeza umeme wa mafuta. Na kiwango chenyewe sio kidogo, megawati 100 zikivutwa saa zote mwaka mzima ni gigawati-saa 876, wakati gridi nzima ya Kenya inapitisha gigawati-saa 14,000 na ushee kwa mwaka. Hiyo ni kama asilimia 6 kwa jengo moja. Ikifika gigawati 1 ni zaidi ya nusu ya umeme wote wa nchi wa sasa.

Huu sio wasiwasi wa kubuni, Ireland yamewakuta. Mwaka 2023 data senta zilikula asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa nchini mle, zaidi ya nyumba zote za mijini, na Dublin ikafika mahali ikabana maombi mapya ya kuunganishwa kwenye gridi, na baadhi ya wawekezaji wakageukia kuvuta bomba la gesi na kuzalisha umeme wao wenyewe. Walianza na nia nzuri, hawakupangilia saa na mahali.

Kwa hiyo mpangaji wa data senta ya kijani kabla hajamwita msanifu majengo anatakiwa akae na grafu ya gridi ya saa 24. Njia zipo. Ya kwanza ni kuongeza visima vipya na mitambo mipya kwa ajili ya kituo, sio kugawana vilivyopo, na kituo kisiwashwe mpaka mtambo wake uwe umewashwa, kazi ya kuchimba na kujenga inachukua miaka na hapo ndo miradi mingi inaruka hatua. Ya pili ni betri, kama unataka kujitoa kwenye gridi kwa masaa manne ya jioni na unavuta megawati 100, unahitaji megawati-saa 400 za betri ambazo unazichaji usiku kwa ule mvuke unaopotea. Ghali, ndio, ila ni hesabu inayofungika. Ya tatu ni kuhamisha kazi yenyewe. Muamala wa pesa ya simu hausubiri, mtu yuko kaunta na mzigo wake. Lakini kufundisha modeli ya AI kunachukua wiki au miezi, ukiisimamisha saa moja jioni ukaiendeleza saa tano usiku haijali. Google walianza tangu 2020 kusogeza kazi zisizo na haraka kama kuchakata video kwenda kwenye masaa ambayo umeme ni safi. Kama kituo cha Olkaria kitakuwa cha AI zaidi basi sehemu kubwa ya mzigo wake inaweza kupishana na jiko la mama wa Eldoret, ni suala la kuandika hivyo kwenye mkataba.

Na hapa ndo uelewe tofauti ya maneno kwenye matangazo. Kampuni ikisema "tunatumia asilimia 100 ya nishati jadidifu" mara nyingi wamejumlisha mwaka mzima, wamenunua vyeti vya sola ya mchana sehemu moja kufidia umeme wa mafuta wa jioni sehemu nyingine. Wanaosema wanalinganisha saa kwa saa, hao ndo wanajibu swali, na ni wachache.

Sasa hewa na maji. Ukifika Naivasha usiku unatafuta sweta bila kuambiwa, uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Olkaria iko juu zaidi, mtu anaweza kusema basi fungua madirisha hewa ya nje ipoze sava bure. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo mpaka nikakumbuka harufu. Maeneo ya jotoardhi yana gesi ya haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza, na kwa kiwango ambacho pua ya binadamu inaivumilia tu, gesi ile inakula shaba na fedha kwenye bodi za sava taratibu, baada ya muda viunganishi vinafanya weusi na mashine zinaanza kufa moja moja bila sababu inayoonekana. Kwa hiyo hewa ya nje isiingie ndani hovyo. Inapoza maji kwenye mabomba nje ya jengo, na maji ndo yanaingia ndani kubeba joto, au unaweka vichujio vya kemikali na kuvibadilisha kwa ratiba. Afu hewa ya kimo kile ni nyepesi, feni inabidi isukume hewa nyingi zaidi kubeba joto lilelile, na watengenezaji wa sava wanashusha kiwango cha juu cha joto kinachoruhusiwa kadiri unavyopanda. Mambo haya hayamo kwenye mchoro unaonunuliwa tayari kutoka nchi nyingine.

Njia ya rahisi na ya bei nafuu ya kutoa joto ni mnara wa kupozea, maji yananyunyiziwa, sehemu yanakuwa mvuke na kuondoka na joto. Tupige hesabu tuone. Kutoa kilowati-saa moja ya joto kwa njia hii kunakula kama lita moja na nusu ya maji. Kituo cha megawati 100 kikitegemea mnara peke yake ni lita 150,000 kwa saa, lita milioni 3.6 kwa siku, yaani maboza 360 ya lita 10,000 kila siku, na maji hayo hayarudi. Ziwa Naivasha liko pale, liko kwenye orodha ya Ramsar, ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, tangu 1995, lina viboko, wavuvi, mashamba ya maua, na wanaolitegemea wote wanajua jinsi linavyopanda na kushuka. Matangazo ya mradi yalitaja teknolojia ya kuhifadhi maji, ni sawa, ila namba ndo itasema. Mfumo uliofungwa, ambao maji yanazunguka mle mle na kupozwa na hewa ya nje kama rejeta ya gari, unakula umeme zaidi kidogo na PUE inapanda, lakini kwa bonde lile ningelipa hiyo tofauti. Usiku wa baridi wa Naivasha unasaidia sana hapo. Kuna na njia nyingine inayonipa hamu: chila za kufyonza, zinazotengeneza baridi kwa kutumia joto badala ya umeme, na joto pale lipo la kumwaga. Wakulima wa maua walishaona mbali, shamba la Oserian lilianza kupasha mabanda yake ya waridi kwa jotoardhi miaka ya mwanzo ya 2000.

Mengine nitayapitia haraka. Gesi za AC: nyingi kati ya zinazotumika leo zikivuja kilo moja inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja ya kilo ya kaboni dioksidi, na makubaliano ya kuzipunguza yalifanyika jirani tu hapo Kigali, Oktoba 2016, kwa hiyo anayejenga leo na gesi za zamani anajenga kitu cha kubomoa. Jenereta za akiba zinawashwa kila mwezi kwa majaribio, moshi wake uhesabiwe. Saruji na nondo zina kaboni yake kabla hata sava ya kwanza haijawashwa. Na sava zinabadilishwa kila baada ya miaka michache, hizo tani za vyuma na bodi ziwe na mkataba wa kwenda kurejelezwa kabla hazijaingia nchini, sio kuja kuulizana zikiwa zimerundikwa uani.

Kuna ardhi na watu wake pia. Olkaria ni nchi ya Wamasai. Ulipojengwa mtambo wa Olkaria IV familia zilihamishwa mwaka 2014 kupelekwa sehemu inayoitwa RAPland, malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya mpaka upatanisho ukafanyika, wakidai mambo ya ardhi, barabara, maji na umbali wa kufika kwenye riziki zao. Kila kisima kipya cha kulisha data senta kinagusa malisho ya mtu. Umeme wenye hewa safi uliopatikana kwa kumhamisha mchungaji bila makubaliano ya kweli mimi siwezi kuuita kijani, na wahandisi tunaochora haya mabomba ni haki tujue majina ya vijiji mabomba yanapopita.

Sheria ya mazingira ya Kenya inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni NEMA, mamlaka ya mazingira ya huko. Ripoti ya data senta yoyote ikitoka, iwe Olkaria au kwingine, fungua kwanza kurasa za maji utafute lita kwa siku za mwezi wa kiangazi, sio wastani wa mwaka. Kisha tafuta grafu ya mzigo wa umeme wa saa 24, uweke kidole pale saa moja jioni uone mstari unafanya nini. Kama hiyo grafu haimo, andika barua kuiomba kabla muda wa maoni haujaisha.